Jina la Pili kwenye Santuri

Zulmira das Dores hakuwa mtu wa kujisifu, na hilo ndilo lililomponza. Kwetu Turiaçu, huku pembezoni mwa Rio ambako treni hufika imechoka, mtu asiyejisifu huhesabiwa kuwa hana cha kujisifia. Siku za kazi alipanga biskuti ndani ya makopo kiwandani. Jumapili alikuwa kiongozi wa waitikiaji katika chama chetu cha samba, Flor de Turiaçu. Watu walimjua kwa hayo mawili basi. La tatu, lililokuwa kubwa kuliko yote, alilijua mumewe marehemu Durval, na baada ya Durval kufa akabaki mtu mmoja tu aliyelijua. Mtu huyo ni Evilásio.

Waitikiaji ni wale wanawake wanaosimama nyuma ya ngoma kwenye uwanja wa chama. Mtunzi akija na samba mpya, huiimba peke yake mara ya kwanza, akairudia mara ya pili, jasho linamtoka, na wanawake wamekunja mikono wanamsikiliza. Wakiipenda, wanadaka kiitikio na samba inapata uhai. Wasipoipenda, wanatazama kucha zao, na mtunzi anarudi nyumbani kama mtu aliyerudishiwa posa. Hakuna rufaa. Hata mwenyekiti wa chama hathubutu kuwaambia imbeni. Lakini wanawake haohao, waliokuwa na mamlaka ya kuua na kufufua, hawakuruhusiwa kutunga. Kundi la watunzi lilikuwa la wanaume, lenye meza yake, kofia zake na kiburi chake, na mwanamke aliyesogelea meza ile aliulizwa kama maharage yameiva. Sheria hiyo haikuandikwa popote, maana hakuna aliyewahi kuivunja.

Sasa, Zulmira alikuwa akitunga tangu usichana. Hakujua kupiga chombo chochote. Wimbo ulimjia akifua au akipiga pasi, akaunong'oneza, akaugeuza huku na huku mpaka ukakaa sawa, kisha akauhifadhi kichwani pamoja na siku za kuzaliwa na dawa za kikohozi. Durval ndiye aliyesema ni dhambi nyimbo kama hizo kufia jikoni. Akamleta rafiki yake Evilásio, mpaka rangi wa mabehewa kwenye karakana ya reli, mpigaji wa gitaa dogo la nyuzi nne, na ndiye aliyesimama kama baba wa ubatizo wa binti yao Cidinha. Kwetu kusimamiana ubatizo ni undugu wa kweli. Mtu wa namna hiyo huingia kwako bila kubisha hodi, na hufunua sufuria kabla hajakaa.

Walikubaliana hivi. Zulmira atatoa sehemu ya kwanza ya samba, ile inayoimbwa na uwanja mzima. Evilásio ataongeza sehemu ya pili, kisha atasimama mbele ya watu aseme samba ni yake. Na kwa sababu Durval hakupenda jambo linaloelea hewani, Evilásio aliapa, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mtoto aliyemsimamia ubatizo, kwamba siku samba yoyote kati ya hizo itakapoingia kwenye santuri, jina la Zulmira litatangulia na lake litafuata.

"Uwanjani nakuficha, shemeji," alisema. "Kwenye santuri nakutoa hadharani. Huko hakuna meza ya wazee wa kukuuliza habari za maharage."

Zulmira alimwamini kama anavyoamini jua litachomoza. Miaka ikapita. Kila Evilásio alipokuja na samba mpya, Zulmira alisimama na wenzake amekunja mikono, anasikiliza maneno yake mwenyewe kama vile anayasikia mara ya kwanza, halafu anakuwa wa mwanzo kudaka kiitikio. Wanawake walisema yule Evilásio anajua mioyo ya wanawake utadhani aliwahi kuvaa sketi. Zulmira alicheka nao. Wala hakuona uchungu, kwa sababu alikuwa anaweka akiba. Kila alichonyimwa uwanjani alikiweka kwenye ile siku ya santuri.

Kisha Durval akafa, moyo wake ulisimama akiwa njiani kurudi kutoka kazini. Katika vurugu ya msiba hakuna aliyekumbuka nguo zilizokuwa nje, na baada ya mazishi Zulmira alikuta shati la Durval bado liko kwenye kamba, limekauka na kukakamaa. Alilitazama mchana kutwa. Mama mkwe wake alipotaka kulianua alimzuia, na maneno aliyomwambia ndiyo yaliyogeuka wimbo.

Liacheni shati juani,
msilianue kambani,
mwenyewe katoka tu mtaani,
atarudi jioni.

Alipomwimbia Evilásio, alishindwa kufika mwisho. Evilásio alilia naye. Sehemu ya pili hakuongeza mengi, mistari michache tu kuhusu jirani anayeuliza habari na kujibiwa kwa kichwa. Uwanjani wanawake hawakungoja hata mara ya pili. Nair, shoga yake Zulmira na mwitikiaji mwenzake wa ubavuni, aliimba machozi yanamdondokea kwenye kola. Tangu siku hiyo hakukuwa na Jumapili iliyofungwa bila wimbo wa shati.

Miaka mingi baadaye ndipo alipotokea Tarcísio Moura. Huyu alikuwa kijana wa Botafogo, kule mitaa ya wenye nacho kando ya bahari, mtoto wa wakili, mwandishi wa safu ya muziki katika gazeti moja la mjini. Tangu utotoni alisikiliza santuri za nchi za nje, na muziki wa kwao aliujua kwa ule unaopigwa redioni na kwenye mahoteli. Rafiki yake mmoja akamleta uwanjani kwetu Jumapili moja, amevaa viatu vyeupe, na akachanganyikiwa palepale. Aliandika gazetini kwamba amegundua hazina. Ndivyo walivyo watu wa upande wa baharini. Hugundua vitu ambavyo sisi huku tunavinywa na kahawa kila asubuhi.

Lakini nisimsingizie, kijana alipenda kwelikweli. Alirudi tena na tena, mpaka akawa mtu wa jikoni kwa Zulmira, na Zulmira ndiye aliyemfungua masikio. Alimwimbia nyimbo za mafumbo ambazo bibi yake alikuja nazo kutoka mashamba ya kahawa, zilizoimbwa kuzunguka moto kwa ngoma za magogo, ambazo bwana shamba alizisikia akadhani zinasifu ng'ombe kumbe zinamsema yeye. Alimpeleka kwa kinyozi mmoja wa Madureira aliyepiga filimbi na wenzake uani, ili asikie jinsi vyombo vinavyoweza kupiga soga kama majirani, kila kimoja kinamkatiza mwenzake na hakuna anayekasirika. Alimpeleka kwa wajenzi waliotoka kaskazini, ambao Jumapili walivuta kodiani na kugonga pembetatu ya chuma mpaka vumbi likatimka. Alimfundisha kutofautisha samba ya gwaride la kanivali, inayotengenezwa ili itembee, na samba ya uwanjani, inayotengenezwa kwa sababu mtu ameshindwa kunyamaza.

"Usimsikilize anayeimba peke yake," alimwambia. "Anayeimba ni mgeni tu humo ndani. Sikiliza ngoma kubwa inauliza nini, na nyingine inajibu nini. Ukishajua wanachozungumza, ndipo umsikilize anayeimba."

Mwanzoni Tarcísio alipiga makofi pasipopigwa makofi, na wanawake wakamcheka. Baadaye akaanza kupatia. Alikuwa akifumba macho anasikiliza, kisha anakiri kwa Zulmira kwamba ameishi miaka yote katika nyumba yenye vyumba kumi huku amefungua kimoja tu. Zulmira alimpenda kama mwanawe. Na kwa nini nifiche, alimpenda pia kwa sababu aliona kwamba kijana huyu ndiye mlango wa santuri.

Na kweli alikuwa mlango. Jumamosi moja mchana Tarcísio alikuja uwanjani na rekoda, maana mwimbaji mmoja mwenye jina alikuwa anatafuta samba za zamani. Watunzi walikaa mezani na kofia zao, waitikiaji wakasimama. Waliimba nyingi. Walipomaliza ile ya shati, Tarcísio akamgeukia kiongozi wa waitikiaji, mkanda bado unazunguka.

"Mama Zulmira, wimbo huu ni wa nani?"

Zulmira alipiga hatua moja mbele. Lakini mwanamke hajidai mtunzi mbele ya meza ile, na tena haikuwa kazi yake kusema. Ilikuwa kazi ya aliyeapa. Akamtazama Evilásio, akamngoja. Evilásio alikuwa anagonga kidole juu ya kibiriti, kama wafanyavyo watu wa samba wakiwaza.

"Wa kwangu," alisema. "Nilikuwa nimesimama dirishani kwa marehemu Durval, nikaliona shati lake kambani. Hapohapo ukanijia."

Tarcísio akamtazama tena Zulmira, kama anayetaka uhakika. Zulmira alijiambia Evilásio anamficha kwa sababu wazee wapo, na akiwa peke yake na kijana atasema ukweli. Akaitikia kwa kichwa. Baadaye alikilaani kichwa hicho.

Santuri ilipotoka, Tarcísio aliileta mwenyewe, mbio, haijatoka hata kwenye karatasi yake. Aliiweka kwenye gramafoni ya Zulmira wakasimama wote wawili. Mwimbaji alikuwa na sauti nzito ya taratibu, na hakuharibu kitu. Zulmira alishika ukingo wa meza. Aliona kama Durval ameingia na kusimama nyuma yake. Ilipokwisha alimwomba kijana amsomee maandishi madogo ya katikati, maana miwani yake ilikuwa chumbani.

"Shati Juani," Tarcísio alisoma, na uso ukamwiva. "Evilásio Teles na Tarcísio Moura." Kisha akaanza kujieleza haraka. Alikuwa amekataa, alisema, na akakataa tena, lakini mzee Evilásio alishikilia. Alimwambia kwenye samba ndivyo inavyofanywa, aliyefungua mlango huingizwa ndani ya nyumba, na kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. "Sijawahi kupewa heshima kama hii, mama."

"Na wa tatu?" Zulmira aliuliza.

"Wa tatu yupi, mama?"

Zulmira alimkatia kipande cha keki ya mahindi akampa. Alitaka kusema, na maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini aseme nini, na nani atamsadiki? Aliulizwa waziwazi, kwenye rekoda, mbele ya watu, akaitikia kwa kichwa. Shahidi mkubwa dhidi yake alikuwa yeye mwenyewe. Na yule kijana alivyokuwa anatafuna keki kwa furaha, angemwona kikongwe mwenye kijicho. Basi akamsindikiza mpaka mlangoni, akajikaza, na alipofunga mlango aliumia mwili mzima kama mtu aliyeanguka ngazini.

Jioni ileile alikwenda kwa Evilásio. Alimkuta uani, amekaa na gitaa lake, anabadilisha uzi. Evilásio alimwona, akatabasamu kwanza, halafu tabasamu likatafuta pa kwenda.

"Jina langu liko wapi?" Zulmira aliuliza.

Evilásio alianza kuzunguka. Alisema watu wa santuri walitaka mtunzi anayejulikana. Alisema jina la mwanamke lingezua maswali, na swali moja lingezaa jingine. "Wangeniuliza, na zile nyingine zote ni za nani? Ningewajibu nini, shemeji? Unataka wanivue kofia uzeeni?"

"Kulikuwa na nafasi ya majina mawili."

Evilásio alikaza uzi mpaka ukalia. "Yule kijana ana gazeti," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Angalau hapo hakudanganya.

"Uliapa juu ya kichwa cha Cidinha."

"Niliapa mbele ya Durval. Durval hayupo."

Zulmira alidhani hilo ndilo neno baya kuliko yote atakayosikia siku hiyo. Lilikuwepo jingine. Alimuuliza kwa nini, hata kama ameamua kumwibia, alimwambia kijana kwamba aliliona lile shati. Kwa nini asingesema tu wimbo ni wake, akamwachia mjane shati la mumewe. Evilásio akamtazama kwa mshangao, na mshangao huo haukuwa wa kuigiza.

"Lakini nililiona, Zulmira."

"Hukuliona. Ulikuja nimeshalianua."

"Nimeuimba miaka mingi. Nikifumba macho naliona pale kambani, linapepea. Lina milia ya buluu."

"Lilikuwa jeupe," Zulmira alisema, akaondoka bila kuaga.

Mwizi anayejua ameiba unaweza kumsuta. Huyu alikuwa amehamia ndani ya msiba wa mwenzake, akatandika kitanda, na sasa alikuwa anamshangaa mwenye nyumba. Zulmira alilia njia nzima, hakuficha uso, na waliokutana naye walidhani amefiwa tena.

Lakini usiku huohuo alipata shauri. Jumapili inayofuata chama kilikuwa kimeandaa sherehe ya santuri, karamu ya mchana, na Evilásio ataiimba samba hiyo mbele ya wageni. Kulikuwa na haki moja ambayo hakuna mwanamume wa Turiaçu angeweza kumnyang'anya Zulmira. Asipodaka kiitikio, samba inaanguka. Kiongozi asipofungua kinywa, waitikiaji hawafungui, imekuwa hivyo tangu uwanja ule ulipokuwa mchanga mtupu. Ataacha wimbo wake mwenyewe uanguke. Watu wataduwaa, watauliza kulikoni, na hapo, akiwa ameulizwa, mbele ya meza na kofia na magazeti, atasema.

Siku ikafika. Maharage meusi yalichemka kwenye masufuria makubwa, nyama ya nguruwe ikanukia mpaka kituo cha treni. Tarcísio alikuja na wenzake wa gazetini, anawaonyesha hiki na kile, na kwa kweli aliwaeleza vizuri, kwa maneno ya Zulmira, neno kwa neno. Alimkumbatia Zulmira akawaambia huyu ndiye mama yake wa samba. Evilásio alikuja na suti nyeupe. Hakumtazama.

Ngoma zikaanza. Evilásio akaimba mara ya kwanza, peke yake, kama desturi. Zulmira alikunja mikono. Evilásio akaimba mara ya pili, akafika pale pa kupokelewa, akanyoosha mkono kwa wanawake. Zulmira akatazama kucha zake.

Uwanja ukaingia ubaridi. Wanawake wakamgeukia Zulmira, midomo nusu wazi. Gitaa likajikwaa. Evilásio akarudi tena mwanzo, na sasa alimtazama, jasho linamtiririka kwenye kola ya ile suti, macho yanamwomba kama mtu anayezama. Zulmira aliuona woga wake na akasikia raha, raha chungu, ya kwanza tangu santuri ilipotoka. Akabana midomo. Kidogo tu, alijiambia. Sasa wataniuliza.

Nair alimtazama usoni. Akajigusa koo kwa vidole viwili, kama anayeuliza, koo? Hakungoja jibu. Akainua kidevu akadaka kiitikio, na waitikiaji wote wakadaka nyuma yake.

Waliimba vizuri kuliko siku zote. Waliimba kama alivyowafundisha mwenyewe, pamoja na ile pumzi ndogo ya kungoja kabla ya neno la mwisho, ambayo aliiweka kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa akishindwa kuendelea. Mwenyekiti alivua kofia. Wageni walifuta macho. Evilásio aliimba amefumba yake, na Zulmira alijua anaona nini. Hakuna aliyetazama kama yeye anaimba au haimbi.

Wimbo ulipokwisha Nair alimjia na kikombe cha tangawizi ya moto, anahema.

"Pole shoga yangu, koo limekubana siku ya watu. Nimesema siwezi kuuacha uanguke, maana ungenila nyama."

"Sina koo mimi," Zulmira alisema. "Nimenyamaza makusudi. Wimbo ule ni wangu, Nair. Nimeutunga mimi."

Nair alimtazama sana. Macho yakamjaa machozi, akamzungushia mkono kiunoni akamvuta kwake.

"Najua ni wako, shoga. Nani hapa asiyejua shati lile ni la Durval? Ni wako, ni wangu, ni wetu sote. Twende, wanaanza tena."

Zulmira alifungua kinywa amwambie upya, polepole, kwa maneno mepesi kabisa. Lakini ngoma zilikuwa zimeshaingia na Nair ameshageuka, anaitikia kwa nguvu zote, na mkono wake bado umemshika Zulmira asije akabaki nyuma.